Bibi Amekarabatiwa

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hawakuwahi kufika Guangzhou kule China, wala hawakuiona rolakosta yangu baada ya ukarabati, lakini kidonda walikijua.

Nasema yangu kwa sababu naipenda, si kwa sababu ilinijua. Sisi wafanyabiashara wa Tanzania tuliiita Bibi. Ilikuwa ile treni ya michezo inayokupandisha polepole hadi kileleni kisha inakuachia uanguke, na jinsi Bibi alivyopanda akiguna, ungeapa ana magoti mabovu. Kila safari, kontena letu likishafungwa na lori likashika njia ya bandari ya Huangpu, hatukwenda kula wala kulala. Tulikwenda kwa Bibi. Watu wazima, wengine wazee wa kanisa, tumefungwa mikanda pamoja na watoto waliovaa masikio ya sungura.

Mwanzilishi wa mila hiyo ni Mama Martina wa Arusha, Mlutheri kindakindaki aliyewaonea wivu Wakatoliki kwa kitubio chao. Alisema Bibi anapopanda, kila mmoja amwambie jirani yake neno moja la kweli, maana huenda tusishuke wazima. Na tukishuka wazima, neno hilo haliulizwi wala halijibiwi. Mwenye jibu asubiri kontena lijalo, alitoe huko huko juu. "Ya juu hayashuki," alituapisha. Amri kumi za Mungu tulizivunja moja moja, lakini ya Mama Martina tuliishika. Mwenzetu Sostenes aliwahi kuniambia huko juu kwamba mikoba ninayonunua soko la Shiling ni mibaya kuliko dhambi. Tukashuka, tukala tambi pamoja kama ndugu.

Na ni huko juu Heriel aliniuliza kama ningekubali anioe.

Heriel ni mtu wa Machame, muuza nguo. Anaweza kubishana na laoban, yaani Mchina mwenye duka, asubuhi nzima kwa ajili ya vifungo. Lakini siku hiyo alikaa kimya mpando mzima, akafungua mdomo tulipofika kileleni. Kabla sijavuta pumzi, Bibi akatuachia. Chini akaninunulia maji na kuniuliza kama nimeona skafu yangu. Nikamjibu kwamba nimeiona. Sheria ni sheria.

Kisha korona ikafunga dunia. Mipaka ilipofunguliwa nilirudi mbio, nikakuta Bibi amezungushiwa mabati. Ukarabati. Safari iliyofuata, mabati. Iliyofuata tena, mabati yamepakwa rangi. Mimi na Heriel tuliandikiana WeChat karibu kila siku, tena kwa uwazi mkubwa, kuhusu zipu. Jibu langu nililibeba tumboni kama mimba ya tembo.

Utaniuliza, si ungempigia simu tu? Umeuliza vizuri. Ila mimi ni mwanamke wa kushika neno, na nililishika mpaka vidole vikafa ganzi.

Mwezi uliopita Bibi akafunguliwa. Heriel mwenyewe ndiye aliyeniandikia: "Kissa, twende. Nina neno." Nilifurahi kiasi kwamba nilinunua mikoba bila kuomba punguzo, jambo ambalo Shiling nzima italisimulia.

Kontena lilipoondoka, tulipita kwanza kwenye soko la vitambaa kando ya mtaa wa Kangle. Heriel alitaka kitambaa cha gauni la sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Nikajua ni oda ya mteja.

"Chagua wewe," akasema. "Mimi rangi zinanichanganya."

Nikachagua zambarau iliyokolea. Nikaiweka shavuni mbele ya kioo, na laoban akasema nimependeza. Angeliambia hivyo hata gunia.

Bibi sasa alikuwa amepakwa rangi ya midomo. Ana taa, ana muziki, ana viti laini vya kukalia mabwana wakubwa. Nikafunga mkanda, nikasali kidogo, nikasafisha koo. Sentensi yangu ilikuwa tayari: jibu ni ndiyo, na samahani kwa kuchelewa. Nikasubiri magoti yaanze kuguna.

Bibi akafyatuka.

Hakupanda, alifyatuka. Tulikuwa juu kabla sijafungua mdomo, na chini kabla sijaufunga. Mpando wote wameuondoa. Wataalamu wamegundua kwamba watu hawapendi kusubiri, na mimi nawapa hongera, maana mpaka siku hiyo nilidhani ninapenda.

Nilimfuata binti wa pale mlangoni nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni, ule mwendo wa polepole uko wapi?

"Meiyou," akasema, yaani hakuna. Akatabasamu. "Sasa ni haraka zaidi!"

Heriel alikuwa ameketi kwenye benchi, mfuko wa kitambaa mapajani.

"Nilikuwa na neno," akasema.

"Hata mimi."

"Sasa tutayasemea wapi?"

Tukaitazama ile reli kama watu waliofika kanisani wakakuta pamekuwa baa. Nikasema liwalo na liwe.

"Heriel, jibu langu ni ndiyo. Nalisemea hapa hapa chini. Mama Martina atanisamehe."

Hakuuliza jibu la nini. Hilo angalau lilinifariji, kwa muda wa pumzi moja.

"Kissa," akasema, "barua ya posa imeshapelekwa. Wazee wamekwenda Marangu kwa kina binti mmoja, wamepokelewa. Nilitaka kukwambia huko juu."

"Kwa nini huko juu?"

"Kwa sababu tukishashuka usingeniuliza kitu."

"Mbona hukunisubiri?"

"Nilikusubiri. Hukusema hata nusu neno."

"Ya juu hayashuki, Heriel!"

"Naijua sheria. Nilidhani anayetaka kweli ataivunja."

Iliniuma. Sitaipamba, nilitamani Bibi wa zamani atupandishe mpaka mbinguni bila kutushusha. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hiyo nimewatolea wenzangu miaka yote, nikiwahimiza wawahi meli.

Heriel aliupapasa mfuko wake, asijue pa kutazama.

"Hii rangi," akasema, "unadhani itamfaa?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kweli chini, na kumbe ukianza huachi.

"Usimpelekee," nikamwambia. "Niliipima kwenye shavu langu."

Akauweka mfuko kwenye benchi, katikati yetu. Bibi akafyatuka tena na watoto wake wa masikio ya sungura, wakafika juu, wakashuka, wakaenda zao, na sisi tulikuwa bado tumekaa.