Dawa ya Daria Bado Imo Sahanini

Barua pepe ya maabara ya Rochester ilisema "maendeleo makubwa." Nikaomba ruhusa kazini, nikamchukua binti yangu Daria, tukatoka Buffalo asubuhi na theluji yake hadi Rochester. Daria ana ugonjwa wa misuli: ikikaza, haiachii upesi. Anataka kusomea ususi, lakini mkasi ukishaingia vidoleni, kuutoa ni kazi. Nilifuata jambo moja tu: ataanza dawa lini?

Daktari Renwick alitupokea mlangoni mwa maabara, akampa Daria mkono. Daria akaushika, akashindwa kuuachia. Renwick akavuta, akacheka kidogo, akavuta tena.

"Usivute," nikamwambia. "Subiri."

"Kumbe ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo," akasema, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Umeuchunguza ugonjwa huu muda gani?"

"Miaka mingi, Mama. Lakini kwenye seli tu, katika sahani za maabara."

Nikavua koti kabla sijasema mabaya.

Akatuketisha, akachukua utepe wa karatasi. "RNA, inayobeba maagizo ndani ya seli, ni kama uzi. Wa Daria una kipande kinachojirudia mno, kwa hiyo unajikunja kama kibanio cha nywele. Mkunjo huo unanasa protini ambazo misuli inazihitaji. Dawa yetu inaingia mkunjoni, protini zinatoka."

"Vizuri. Lini?"

"Kwa kweli inaushika mkunjo vizuri sana..."

"Daktari, nimeuliza lini."

Akauweka utepe chini. Kumbe dawa inashika pia mikunjo ya nyuzi nyingine, zile zisizo na kosa lolote, na seli zinakufa. Lazima waitengeneze upya. Majaribio kwa watu labda baada ya miaka mitano, labda zaidi.

"Na hayo ndiyo maendeleo makubwa?"

"Zamani hatukujua hata kama mkunjo unashikika."

"Hilo ungeniambia kwa simu."

"Tulitaka pia kumwomba kipande kidogo cha msuli. Muuguzi yuko chumba cha pili."

Nikachukua koti. "Daria, twende zetu."

Hakuinuka. "Nenda kanywe kahawa, Mama. Msuli ni wangu."

"Umesikia miaka mitano?"

"Nimesikia. Nisipotoa, itakuwa mingapi?"

Akainuka, akaenda chumba cha pili. Nikamfuata, nikatundika koti.

"Mtie ganzi ya kutosha," nikamwambia muuguzi, "na asiingie mtu wa kutueleza chochote."