Kifaru wa Pembe Moja

Bi Shaikha alikuwa na mto wake, na mto huo ulimjia kila siku baada ya sala ya adhuhuri, wakati joto la Maskati linapowalaza watu wote na mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta. Yeye hakulala. Alijinyoosha kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, akafumba macho, na maji yakaanza kupita. Mto mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Ukisimama ukingo huu huuoni ukingo wa pili. Meli ndogo ya moshi ilikuwa ikiupanda taratibu. Yeye msichana, ameshika nguzo, buibui limejaa upepo, na Harub, mume wake wa siku chache, yuko nyuma yake akimtajia majina ya miji ambayo na yeye ndiyo kwanza ameyasikia.

Mto wenyewe ni Brahmaputra, na nchi ni Asam, huko Bara Hindi kwenye mashamba ya chai. Harub alikuwa akiwanunulia chai matajiri wa Unguja, nao wakamtuma akaionje huko huko inakochumwa. Safari ikaangukia kwenye harusi. Watu wengine hula fungate chumbani, bibi harusi kafungiwa hata jua lisimwone. Harub akasema mke wake ataila fungate yake melini. Wazee walinuna, na kungwi akaapa kwamba tangu azaliwe hajapata kuona bibi harusi anapakiwa pamoja na masanduku. Wakaenda hivyo hivyo, na wala hawakujuta.

Huko aliona vilima vilivyofunikwa chai mpaka macho yanachoka, na wanawake wanachuma wakiwa na vikapu vilivyoning'inia kutoka kwenye paji la uso. Aliona hekalu la Wahindu juu ya kilima, ngazi zake za mawe zimelika kwa nyayo za watu, njiwa tele, ngoma inalia ndani. Yeye na Harub walisimama chini ngazini wakisikiliza, maana ndani si kwao. Na siku moja karani wa shamba akawapandisha juu ya ndovu, wakaingia kwenye manyasi marefu ya kando ya mto, na huko akamwona kifaru. Alikuwa amesimama majini mpaka magotini, ngozi yake mikunjo mikunjo kama shuka iliyokaa sandukuni, na juu ya pua yake pembe moja. Kila alipoisimulia hadithi hiyo, akifika pale kifaru anapoinua kichwa, alisema kwamba aliogopa na Harub akamshika mkono. Hapo husita kidogo, akameza neno, kisha akaendelea.

Zamani hakuwa na haja ya kusimulia. Unguja kila mtu aliijua safari ile. Harub alikuwa hai, na picha ilikuwa ukutani, wao wawili juu ya ndovu. Kisha yakaja mapinduzi, wakakimbia na nguo za mwilini. Harub alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Picha ilibaki ukutani, na ukuta una wenyewe wengine sasa. Bi Shaikha na mwanawe Ishaq, na mke wa Ishaq, Mahfoudha, na mjukuu wake Mahbuba, wakafikia Wadi Kabir, nje ya lango la mji wa Maskati, kwenye nyumba ya udongo inayolitazama bonde la mawe matupu. Maji hupita humo mara moja kwa mwaka, yakipenda. Mtu aliyewekwa mbele ya bonde kama hilo atausimulia mto hata asipoulizwa.

Basi akasimulia, siku moja wanawake wa mtaani walipokuja kunywa kahawa, na hapo ndipo alipojitia mashakani. Jirani yao, Bi Bakhita, ambaye marehemu mumewe aliwahi kuwa na duka huko Tabora, aliweka kikombe chini.

"Ati pembe moja? Bi Shaikha, sisi watu wa Afrika. Kifaru utatufundisha weye? Kifaru ana pembe mbili, hii hapa na hii hapa!" Akaviweka vidole viwili juu ya pua yake.

Wanawake walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Na katika wote waliocheka hakuna hata mmoja aliyepata kumwona kifaru, wa pembe moja wala wa kumi, Bakhita mwenyewe akiwemo. Lakini watu wa Unguja, hata uwahamishe wapi, hawakosi jina la kumpa mtu. Kufika jioni Bi Shaikha alikuwa Bi Pembemoja, na jina likapanda mlima, likapita langoni, likaingia mjini.

Mwanzo alicheka nao. Uongo ukirudiwa sana hugeuka kweli, watu husema. Kumbe na kweli ikichekwa sana hulegea. Siku zilivyokwenda Bi Shaikha akaanza kuutazama mto wake kwa wasiwasi. Picha hana, Harub hayupo, na wote aliosafiri nao wamekufa au wametawanyika. Huenda aliota? Huenda ni maneno aliyoyasikia kwa Harub akayavaa yeye? Wazo hilo lilimtisha kuliko kufa. Nyumba imekwenda, mashamba yamekwenda, mume amekwenda. Kama na mto ulikuwa ndoto, basi yeye alikuwa ameishi wapi?

Ndipo Mahbuba akapata mchumba. Kijana aliitwa Ghanim, mtoto wa Unguja vilevile, amekuja likizo kutoka kazini Kuwait. Mahbuba hakusema kitu, lakini alianza kuimba akifua nguo, na hilo lilitosha. Ikabaki mama wa kijana, Bi Sayyida, aje na dada zake kumtazama msichana na nyumba anayotoka.

Asubuhi ya siku hiyo Mahfoudha alikuja kukaa kwenye mkeka wa mkwewe. Alikuwa mwanamke wa pirikapirika asiyejua kukaa, kwa hivyo Bi Shaikha akajua kuna jambo.

"Mama, nnakuomba kitu kimoja."

"Omba, mwanangu."

"Leo mto usitajwe. Wala kifaru." Mahfoudha aliinamisha kichwa. "Bi Sayyida keshalisikia lile jina. Anakuja kutazama kama nyumba hii ina akili zake. Watu husema wazimu hufuata damu. Na sisi hatuna shamba wala nyumba ya kujivunia, mama. Tuna jina tu."

"Na nikiulizwa?"

"Sema ulikuwa ni ndoto. Nisamehe, mama. Kwa ajili ya Mahbuba."

Bi Shaikha hakumkasirikia. Alimwona jinsi alivyokonda tangu watoke Unguja. Akamwambia, "Khalas, mwanangu. Itakuwa ndoto."

Wageni walikuja baada ya alasiri, wamejifukiza udi mpaka chumba kikabadilika harufu. Bi Sayyida alikuwa mnene, mtulivu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Halwa ikaliwa, khabari za wagonjwa na wazazi zikaulizwa. Mahbuba akaingia na sinia la chai, macho chini, kama inavyotakiwa, kwa sababu msichana anayetazamwa hana mdomo. Akapiga magoti na kuanza kumimina.

"Bi Shaikha," alisema Bi Sayyida kwa upole uliozidi kidogo, "weye nnaambiwa umetembea sana. Mpaka kwenye mito na mahekalu. Mpaka kwa vifaru."

Dada zake wakatazama vikombe vyao ili wasicheke. Mahfoudha alikuwa ameikamata kanga yake kwa mikono miwili.

"Nimetembea wapi, mwanangu," alisema Bi Shaikha. "Nilikuwa nikiota. Uzee huo."

Ikamuuma. Hakutegemea kwamba itamuuma hivyo. Aliiona meli ile ya moshi imesimama, na Harub anashuka, anakwenda zake bila ya kugeuka. Akainamia kikombe chake machozi yasionekane.

"Si ndoto," alisema Mahbuba.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. Birika lilikuwa bado mkononi mwake.

"Mahbuba!" alisema mama yake.

"Si ndoto, mama. Bibi alikwenda." Na msichana, ambaye ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza siku ile, aliinua uso akamtazama Bi Sayyida. "Walikwenda na babu kwenye fungate yao. Walipanda mto kwa meli. Kuna hekalu juu ya kilima, lina njiwa, na bibi alisimama chini akisikiliza ngoma. Kuna mashamba ya chai hayana mwisho. Na walipandishwa juu ya ndovu wakamwona kifaru kwenye maji."

"Wa pembe ngapi, mwanangu?" aliuliza Bi Sayyida.

"Moja."

Mmoja wa wale dada alitoa mlio puani. Mahbuba akaendelea, mashavu yakimwaka. "Pembe moja. Na kifaru akainua kichwa akawatazama, na bibi akaogopa mpaka akataka kulia, na babu akamshika mkono—"

"La," alisema Bi Shaikha.

Hakuwa amekusudia kusema. Neno lilitoka lenyewe, lile lile alilokuwa akilimeza miaka yote.

"Si miye niliyeogopa. Ni yeye. Harub ndiye aliyeogopa. Alinikamata mkono mpaka pete ikaniumiza kidole, akafumba macho, akasoma Ayatul Kursi yote, na akaikosea. Harub! Aliyekuwa akisomesha watoto msikitini! Tuliporudi akaniambia, 'Shaikha, usimwambie mtu.' Nikamwahidi. Nimewaambia watu wote kwamba niliogopa miye."

Mkono wake mmoja ulikuwa umekishika kidole cha pete. Alikuwa akiyasikia maumivu yale, madogo, upande wa ndani wa kidole, na jasho la kiganja cha Harub. Ndoto humpa mtu mengi, lakini haimpi siri ya kumtunzia mwenzake. Alikuwa amekwenda. Wallahi alikuwa amekwenda, na Harub alikuwa kando yake akitetemeka kama kifaranga.

Bi Sayyida ndiye aliyeanza kucheka, na hakuwa akimcheka mtu. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Marehemu wangu miye alikuwa akiogopa mijusi," alisema. "Na miye nilinyamaza vilevile."

Kisha akakizungusha kikombe chake. Alipozungumza tena, ule upole wa kuzidi ulikuwa umekwisha.

"Na mvua je, Bi Shaikha? Huko mtoni kulikuwa na mvua?"

"Mvua!" alisema Bi Shaikha. "Usiniulize mvua, mwanangu. Ilinyesha usiku kucha juu ya bati la nyumba ya karani, hatukusikilizana. Asubuhi majani ya chai yanang'aa, ardhi inatoa moshi, na kila kitu kinanuka udongo."

"Kama masika," alisema mmoja wa wale dada.

"Kama masika ya kwetu, lakini haijui kukoma."

"Ghanim wangu haniamini," alisema Bi Sayyida. "Kaondoka mdogo kwenda kusoma. Nnamwambia Unguja ilikuwa ikinyesha mpaka tunakosa nguo kavu ya kuvaa, ananiambia, mama, unatia chumvi. Endelea, Bi Shaikha."

Akaendelea. Nje mawe ya Wadi Kabir yalikuwa bado yanapumua joto la mchana, na ndani wanawake wamekaa, wengine wamefumba macho, na mvua ya Asam inawanyeshea. Mahfoudha aliiachilia kanga yake. Chai ikapoa, ikachemshwa nyingine, na ile nayo ikapoa. Waliswali magharibi hapo hapo wakarudi kukaa, na ilibidi mtu awakumbushe wageni kwamba lango la mji hufungwa usiku, ndipo wakawasha taa zao za njiani na kutafuta viatu.

Mlangoni Bi Sayyida alimshika Mahbuba kidevu, akamtazama uso mzima.

"Una mdomo weye."

"Nisamehe, mama."

"Nyumba yangu imekuwa kimya mno," alisema Bi Sayyida. "Ukija, njoo na huo mto." Na akamgeukia Mahfoudha kuuliza wanaume wakutane siku gani.

Walipokwisha kuondoka, Mahfoudha aliingia jikoni akalia peke yake, kilio cha raha, akiosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Mahbuba alikuja kujilaza kwenye mkeka wa bibi yake, kichwa pajani kama alipokuwa mdogo. Bi Shaikha akawa anampapasa nywele.

"Bibi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kweli ilikuwa pembe moja?"

Mkono wa Bi Shaikha ukasimama. "Kwani weye hukuwa ukiniamini?"

Mahbuba aliuficha uso kwenye kanga ya bibi yake. "Sikuamini. Kila mtu anajua kifaru ana pembe mbili."

"Basi mbona ulisema? Mbele ya mama wa Ghanim?"

"Sikuweza kukuangalia ukimkana babu."

Watu huombwa waamini na hukataa, na huyu hakuamini akasimama na bibi yake hivyo hivyo, hata kama angempoteza mchumba. Bi Shaikha akaendelea kumpapasa mtoto nywele, na mto ukaanza kupita, mpana, wa rangi ya chai, na Harub yupo melini.

"Moja, mwanangu," alisema. "Moja tu. Na babu yako alikuwa akitetemeka."