Aliyembeba Kahangwa

Kila tarehe ishirini na tano Julai, wakitoka kuwakumbuka wenzao kwenye makaburi ya Kaboya, wazee wa mgambo waliopigana vita vya Kagera huenda nyumbani kwa Kahangwa, Ijumbi, kunywa lubisi, pombe ya ndizi, na kusema uongo. Ni uongo wa kawaida wa wazee: mto huzidi kupanuka, mabomu huzidi kuwa mengi, na kila mtu alikuwa mstari wa mbele. Zamani walikuwa thelathini na mmoja. Mwaka huu walikuwa watano, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatiza mwenzake.

Hadithi ya mwisho siku zote ni ya mwenye nyumba. Kahangwa alikatwa mguu baada ya mapigano ya Lukaya, huko Uganda, na sasa figo zinammaliza, lakini akifika hapo sauti humrudia. Alieleza alivyoangushwa na bomu barabarani, akapoteza fahamu, akazinduka hospitalini na kumkuta Lwakatare, mgambo mwenzake, ameketi kando ya kitanda. "Mgongo huu," alisema, akimpigapiga Lwakatare, "ndio ulionitoa Lukaya." Vita vilipokwisha walinywana: walipasua buni moja ya kahawa, wakaipaka damu zao, kila mmoja akameza nusu ya mwenzake. Tangu hapo wamekuwa zaidi ya ndugu. Watoto wa Kahangwa humwita Lwakatare Tata, yaani baba, na kila msimu mkungu wa kwanza wa kibanja chao cha migomba hupakiwa kwenye gari kwenda kwake, Bukoba mjini.

Lwakatare alicheka wenzake walipocheka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwake ilikuwa imefika miaka arobaini na sita, na hakuna siku aliyoitembea asiumie.

Safari hii kulikuwa na mgeni. Edvina, bibi wa kisiwani Bumbire, alionekana asubuhi pale Kaboya akitafuta jina la marehemu mumewe kaburi hadi kaburi, mpaka Mwijage, mmoja wa wale watano, akamsaidia kulipata, kisha akamleta Ijumbi. Kokugonza, mke wa Kahangwa, alimtandikia mkeka na kumpa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Edvina alichukua punje mbili, akazishika tu mkononi.

Hadithi ilipokwisha aliomba kusema.

"Waitu, wazee wangu, mume wangu alikuwa Aroni, mvuvi. Niliambiwa amefia Lukaya, basi. Watu wetu walisema mgambo wa Lukaya walikimbia, na yeye alipigwa risasi akikimbia. Mama mkwe wangu amekufa na aibu hiyo. Kuna aliyemwona siku ile ya mwisho?"

Wazee walitazamana. Mmoja baada ya mwingine walisema hawakumfahamu. Mgambo walikuwa maelfu. Kahangwa alimwomba radhi kwa niaba ya wote. Edvina akashukuru, kwa adabu ya mtu aliyezoea kukosa, akajifunga kitenge vizuri ili awahi boti ya kurudi kisiwani.

Lwakatare alimtazama akitafuta viatu vyake. Angenyamaza dakika mbili tu, mama yule angekuwa ameshafika barabarani, na mambo yangebaki yalivyokuwa: Tata, mkungu wa kwanza, mkono wa Kahangwa mgongoni. Dakika mbili ni nini kwa mtu aliyenyamaza miaka yote ile? Lakini viatu vilikuwa vimesukumwa chini ya benchi alilokalia yeye, ikambidi ainame amtolee. Alipoinuka navyo mkononi, ulimi ulimshinda.

"Mimi nilimwona," alisema.

Alisimulia bila kumtazama Kahangwa. Bomu lilipoanguka, yeye Lwakatare alikimbia, akajitupa kwenye mafunjo kando ya barabara. Akiwa humo alimwona Aroni wa Bumbire akija peke yake, akamtia majeruhi mgongoni kama mtu aliyezoea kubeba nyavu mbichi, akamfikisha kwenye Landrova. Majeruhi huyo alikuwa Kahangwa. Huko nyuma kulikuwa na mwingine bado analia. Aroni alirudi, akamwona Lwakatare mafunjoni, akamnyooshea mkono na kumwambia kwa Kihaya, "Ija tugende," njoo twende, tumchukue na yule.

"Sikuinuka," alisema Lwakatare. "Akaenda mwenyewe. Hakurudi."

Kahangwa alipofumbua macho hospitalini na kumshukuru, akidhani ndiye aliyembeba, yeye alijiambia atamweleza kesho. Kesho yake Kahangwa alikuwa akiulilia mguu wake, na keshokutwa ndugu zake walifika kumpa mkono mwokozi.

Edvina alikaa tena, polepole. "Kwa hiyo hakukimbia."

"Hakukimbia, mama. Aliyekimbia ni mimi."

Akalia bila sauti. Huenda ulikuwa uchungu, huenda ulikuwa mzigo unamtoka. Nadhani hata yeye hakujua.

 Kahangwa akamwambia mkewe alete kiti, akiweke karibu naye, Edvina akalie. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza Aroni alikuwa mtu wa namna gani, kama alipenda utani, kama aliacha watoto. Edvina alijibu yote, na Kahangwa alisikiliza kama mtu anayesomewa barua iliyochelewa. Ndipo akasema na Lwakatare, bila kugeuza shingo.

"Tuliapa anayebaki amzike mwenzake. Kiapo hakivunjwi, utakuja kunizika. Kabla ya hapo usikanyage hapa."

Lwakatare aliaga. Hakuna aliyeitika. Kokugonza peke yake alimsindikiza hadi mwisho wa migomba, akageuka kurudi.

Sasa yuko Bukoba, na ana hamu kubwa ya kumwona Kahangwa. Hukumbuka jambo la kumchekesha, akatoa simu, akairudisha mfukoni. Habari humfikia kupitia kwa Mwijage: wiki hii anakula, wiki hii hali. Umebaki mlango mmoja tu wa kumrudisha kwa rafiki yake, nao ni kifo cha rafiki yake. Kila asubuhi huingia kanisani, akapiga magoti, akaomba usifunguliwe.