Uvimbe wa Mkwe

Angekuwa mwanamume mwingine yeyote wa Makobola, Ernestine angemwambia avue suruali, basi. Miaka ishirini na miwili ya uuguzi ilikwisha kumzoesha uchi wa kila namna. Lakini Michée alikuwa mkwe wake, na mkwe hata mkono humpi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema umfunulie mama wa mke wako!

Ndiyo maana miezi mitatu iliyopita, binti yake Noella alipokuja kunong'ona kwamba mumewe ana uvimbe kwenye korodani, Ernestine alimpa vidonge ampelekee.

"Kama haimuumize, ni maji tu," alisema. Hakwenda kuangalia. Sasa uvimbe ulikuwa umekua maradufu, na wote wawili walikuwa wamekuja kwenye kituo chake cha afya.

Michée alilala kitandani nyuma ya pazia, mkewe kando yake. Ernestine alibaki upande wa pili, ameinamisha kichwa, akimwongoza Noella kwa maneno.

"Weka torche nyuma yake. Mwangaza inapita? Inakuwa nyekundu?"

Torche ilibofya, ikazimwa, ikabofya tena.

"Noella!"

"Inapita, mama... kidogo."

Sauti hiyo Ernestine aliijua. Ndiyo ile ile ya Noella mdogo akiapa kwamba amemeza dawa. Mtoto wake alikuwa anaogopa, na mwenye hofu huona anachotaka kuona. Heshima ni kitu kizuri, lakini haijawahi kumponya mtu. Akavuta pazia.

"Mama, hapana!" Michée alijifunika uso kwa shati.

"Unisamehe, mukwe wangu. Leo minye ni infirmière, hapana mama-mukwe."

Akaanza kupapasa upande usio na uvimbe, kisha ule mwingine. Uvimbe haukuwa kando ya kende. Ulikuwa kende lenyewe, gumu kama kokwa la parachichi. Akaiweka torche mwenyewe. Mwanga haukupita hata chembe; maji yangeupitisha.

"Iko maji, mama?" Michée aliuliza kutoka ndani ya shati.

"Hapana. Inaweza kuwa kansa. Munaenda Uvira leo, kwa docteur wa kupasua. Wakiiwahi, inapona."

Noella alianza kulia. Ernestine alikaa kuandika barua ya kumhamisha mgonjwa. Alipofika penye swali la ugonjwa umeanza lini, aliinua kalamu. Angeandika "hivi karibuni", nani angejua?

Akaandika: "Miezi mitatu. Muuguzi aliambiwa mapema. Hakumpima."

Akatia sahihi yake.