Unga Mwekundu Kati ya Sumaku

Mrija wa kioo ulining'inia kwa uzi kutoka kwenye mizani, kati ya ncha mbili za sumaku, umejaa unga mwekundu. Mtafiti aliutazama kama mshtakiwa anavyoitazama kamba.

Miaka minne ya jasho lake ilikuwa mle. Tasnifu yake ilidai kwamba nikeli ya unga ule, iliyoshikwa na atomi nne jirani kama kwa mikono minne, ilibaki na elektroni mbili zisizo na wenza. Ndiyo maana sumaku iliuvuta. Leo mtahini alikuja kujionea.

"Mbona mwekundu?" mtahini aliuliza. "Misombo ya nikeli ya rangi hii niijuayo, elektroni zake zote zimeoana. Sumaku haina habari nayo."

"Unga wa binti yangu huyu ni mkaidi," alicheka profesa aliyemsimamia mtafiti. "Hata mtaa wa wanandoa haukosi waseja wawili."

Mtafiti alijaribu kucheka. Alijua. Juma lililopita, akiosha vyombo, aliona ukingo wa kijiko chake cha chuma umelika. Miezi yote alikuwa akikwangua unga uliogandamana kwa kijiko hicho. Fundi wa maabara alikuwa amemwonya: "Dada, tumia cha plastiki, haraka haina baraka." Hakusikia. Chembe za chuma ndizo zilizokuwa zikivutwa, si nikeli yake. Tangu siku hiyo kijiko kilikaa mfukoni mwa koti lake, kama jino lililong'oka ambalo mtu haoni pa kulitupa.

"Sogea karibu, mama, utusomee mizani," mtahini alisema.

Akasogea. Fundi akawasha umeme wa sumaku. Mfuko wa koti ukatikisika, kisha ukaelekea kwenye sumaku, taratibu, kama mtoto anayemvuta mama upindo. Akaubana kwa kiganja. Jasho lilimtiririka mgongoni. Hatua moja nyuma, na hakuna ambaye angejua.

Fundi alikuwa ameuona ule mkono. Akainamisha macho.

"Zima kwanza," mtafiti alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua. Akakitoa kijiko, akakilaza mezani mbele ya profesa. "Unga huu una chuma, Profesa. Kabatini kuna uliobaki, haujaguswa na kijiko hiki. Tupime huo."

Profesa alikigeuza kijiko, akapitisha kidole ukingoni. Hakumwita binti.

Mrija mpya ukaning'inizwa. Sumaku ikanguruma. Mtafiti alifumba macho, huku wale watatu wakiisoma mizani: isipocheza, tasnifu yake imeanguka.