Yai la Shemeji

Nawaandikia kina mama wenzangu, hasa wenye huruma ya haraka kama mimi. Shule niliishia ya msingi, lakini hili nalijua.

Tulikuwa na paka. Mume wangu alimwita Shemeji, kwa sababu alikuja bila kualikwa, akachagua kiti kizuri, akaanza kula kabla ya wenye nyumba. Ila mwenye paka hasa alikuwa binti yangu wa miaka kumi. Hata kulala walilala pamoja.

Mwaka huu Shemeji akaanza kutokwa na mate. Mdomo unanuka. Akiwekewa chakula ananusa, anageuka. Daktari wa wanyama alimfunua kinywa, akatuonyesha ugaga wa kahawia uliofunika magego, na fizi nyekundu kama nyama mbichi. Akasema meno mawili yang'olewe, mengine yasafishwe, na kwa kuwa paka hakai kinywa wazi kwa hiari, atachomwa sindano ya usingizi.

"Kuanzia jioni asile kitu," akasema. "Hata kidogo."

Binti aliichukua kama amri ya jeshi. Akaosha bakuli la Shemeji, akalipindua, akaweka jiwe juu.

Baba yake akamtania. "Na mimi nisile?"

"Wewe una meno mabovu, baba?"

Asubuhi, binti akiwa anaoga, Shemeji akaja jikoni. Siku tatu alikuwa hajaomba chakula. Akajisugua mguuni kwangu, akalia. Mkononi nilikuwa na yai la kuchemsha. Nikasema moyoni, mgonjwa akiomba chakula ameshapona nusu. Nikaliponda na maziwa kidogo kwenye kisahani. Akala taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo, mpaka likaisha. Nikaosha kisahani. Nilifurahi, sitaficha.

Kule kliniki dada wa mapokezi akauliza, "Jina la mgonjwa?"

"Shemeji," binti akasema.

"Shemeji wa nani?"

"Wa nyumba nzima."

Watu kwenye benchi wakacheka. Daktari akatoka anavaa glavu. "Amekula chochote?"

"Hajala," binti akajibu kabla yangu. "Bakuli nililipindua mwenyewe, na jiwe nikaweka."

Daktari akanitazama mimi. Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa, nilipaswa kujua. Lakini mtoto alikuwa amesimama wima vile, na yai lenyewe lilikuwa moja tu. Nikaitikia kwa kichwa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alifika kabla ya saa tano. Daktari alitoka, akaketi karibu yetu. Alisema Shemeji alitapika usingizi ulipomshika, kabla hawajamwekea mpira wa kupumulia, na matapishi yakaingia mapafuni.

"Kulikuwa na yai," akasema. "Mngesema tu, mama, ningewapangia siku nyingine."

Sikulia. Ukutani kulikuwa na bango la meno ya mbwa. Nikayahesabu. Arobaini na mawili.

"Labda bakuli sikulipindua vizuri," binti akasema.

Alisema tena njiani, boksi lenye Shemeji likiwa mapajani mwake. Labda jiwe lilikuwa jepesi. Labda Shemeji aliiba kwa jirani usiku, binti akiwa amelala. Tulipokuwa tunachimba nyuma ya nyumba alianza tena, baba yake akamwambia, "Basi, mwanangu, usijilaumu." Hapo nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Nilimpa mimi. Ulipokuwa unaoga."

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Alilimaliza?"

"Alilimaliza."

"Alitafuna upande gani?"

"Wa kulia."

Akashika koleo, akaendelea kufukia.

Kwa hiyo nawaambia. Mnyama akisubiri sindano ya usingizi, njaa ya usiku mmoja haimuui. Ukishikwa na huruma, toka jikoni. Na kama umeshampa, sema. Atarudishwa nyumbani akiwa hai, basi.

Wiki iliyopita nilimpeleka binti kupimwa damu. Tuliambiwa afike na tumbo tupu. Nesi akamuuliza, "Umekula asubuhi?" Zamani alikuwa akijibu mwenyewe, tena kwa sauti. Safari hii aligeuka kwangu, akangoja.

"Hajala," nikasema.

Nesi akaandika. Binti akaendelea kunitazama.