Namba Zinazoishia na Sifuri

Kwenye programu ya ratiba kila kazi ina namba yake, na mpanga ratiba wa ujenzi wa wodi mpya ya hospitali alizijua zake zote kwa kichwa. Alizipanga kwa kumi kumi, 330, 340, 350, ili kazi ikizuka katikati ipewe 335 na nyingine zibaki zilivyo. Kule kwenye ujenzi mafundi walibandika karatasi yake ukutani, na kila asubuhi ofisi iliwatumia namba tu kwa simu. Msimamizi wao alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kazi hiyo alimtafutia yeye mwenyewe.

Nafasi ya mkuu wa mipango ilipobaki wazi, ofisi nzima ilijua ni yake. Akapewa mpwa wa bosi, mdomo mwingi na viatu vya kung'aa. Siku ya kwanza tu akaikodolea macho kompyuta.

"Hii 335 inafanya nini hapa? Mteja anakuja. Nataka zote ziishie na sifuri."

Akabonyeza, programu ikazihesabu upya. Ile 335 ikawa 340. Kupima mabomba kama yanavuja, iliyokuwa 340, ikawa 350, na zote zilizofuata zikasogea.

Mpanga ratiba aliona. Ilitosha aseme neno moja tu, kwamba kule wana karatasi ya zamani. Lakini donge lilikuwa limemkaa rohoni. Si anajifanya mjuaji? Acha akione cha mtema kuni! Alidhani yatakuwa makosa ya kuchekesha, labda rangi ifike kabla ya saruji. Akanyamaza, akanywa chai yake, na siku hiyo chai ilimnogea kweli.

Asubuhi mpwa akatuma ujumbe: "Leo 350." Alitaka mabomba yapimwe. Karatasi ya ukutani ilisema 350 ni kufunga kuta. Mdogo mtu alisita, maana mabomba hayakuwa yamepimwa. Lakini karatasi ni ya dada, na dada hakosei. Wakafunga, wakabandika vigae wodi nzima.

Maji yalipofunguliwa kuta zilianza kulowa, kisha vigae vikadondoka kimoja kimoja mbele ya mteja.

Kwenye kikao mpwa aliipunga ile karatasi. "Ya zamani hii! Kupeleka mpya ni kazi ya nani, kama si ya mpanga ratiba?"

Wote wakamgeukia.

"Mpya niliipata," mdogo wake akadakia. "Nilipitiwa tu, sikuibandika."

Akapigwa kalamu palepale.

Dada alimkimbilia, akamkuta getini na kofia yake ya kazi kwapani. Nyumbani mkewe alikuwa anakaribia kujifungua.

"Kwa nini umesema vile?"

"Ningesemaje, dada? Wangekufukuza wewe, na wanao huna wa kukusaidia kuwalea. Kusahau ni jambo la kawaida." Akamtazama. "Maana ulisahau tu, sivyo?"

Aibu ilimwunguza mpaka masikioni. Aliikumbuka ile chai.

"Nilisahau," akasema.

"Basi, usijitese." Akampigapiga begani, akavuka barabara.